Kijiji Kilichomfundisha Mwandishi Wake

Jumamosi alasiri ina sura moja katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu za Kenya. Baa zimefunguliwa. Vijana wamejazana katika vibanda vya kuonyesha mpira wa Uingereza, na wasiotazama mpira wameinamia simu wakibashiri matokeo. Nyuma ya soko, kamati ya mazishi imeketi chini ya hema la kukodi, viti vya plastiki vikididimia matopeni. Kanisani kwaya iko mazoezini. Kila shughuli ina pahali pake, isipokuwa moja. Hakuna pahali ambapo watu wa mji huo wanaweza kukusanyika wakajitazama wenyewe jukwaani, wakasikia kwa lugha yao habari za mshahara wao, shamba lao, deni lao na binti zao.

Pahali kama hapo paliwahi kuwapo. Palikuwa Kamirithu, kijiji cha Limuru kilicho kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, na paliishi miaka sita tu, tangu 1976 hadi polisi walipopabomoa Machi 1982. Wengi wanaolijua jina la Kamirithu wanalijua kwa ajili ya mtu mmoja, Ngugi wa Thiong'o. Alipofariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87, tanzia nyingi ziliugusia ukumbi huo wa maigizo kwa sentensi moja au mbili kisha zikaendelea na safari yake: akafungwa, akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni, akaenda uhamishoni, akatajwa kila mwaka kuwa huenda akapata Tuzo ya Nobel.

Usimulizi huo umeweka mkia mahali pa kichwa. Si Ngugi aliyewapa watu wa Kamirithu ukumbi. Watu wa Kamirithu ndio waliojenga ukumbi, wakamwita, wakamsahihisha, na kwa kufanya hivyo wakambadilisha kuwa mwandishi mwingine kabisa. Tofauti hii si ya maneno. Maadamu habari ya Kamirithu inasimuliwa kama kisa cha mtu mmoja mashuhuri, kila kijiji kitakaa kikingoja mtu mashuhuri azaliwe kwao ndipo kijenge jukwaa. Na serikali za kaunti zitaendelea kuamini kwamba maigizo ni anasa ya wasomi wa jijini, wakati ushahidi wa Limuru unaonyesha kwamba ni hitaji la nyumba ya kibarua.

Kijiji kilichozaliwa kwa amri

Kamirithu hakikuanza kama vijiji vingine vinavyoanza. Katika miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwatoa Wakikuyu katika maboma yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya amri, ili wasiweze kuwapelekea chakula na habari wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Nyumba za kale zilibomolewa. Ngugi mwenyewe, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Shule ya Upili ya Alliance mwaka 1955, alirudi likizo akakuta boma lao halipo. Familia yake ilikuwa imehamishiwa Kamirithu.

Uhuru ulikuja, kijiji kikabaki. Wakazi wake wakawa ndio mikono ya viwanda na mashamba ya jirani: wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wachuma chai, vibarua wa mashamba makubwa, wachuuzi, wakulima wenye vipande vya ardhi visivyotosha kulisha nyumba, na vijana wengi wasio na kazi. Katikati ya hayo yote kulikuwa na ekari nne zilizotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana. Juu yake lilisimama jengo la vyumba vinne la kuta za udongo, limechakaa, halina shughuli yoyote ya maana.

Asubuhi moja mwaka 1976, kama Ngugi alivyosimulia baadaye, mama mmoja wa kijijini alifika nyumbani kwake. Hakuja kuomba pesa wala barua ya kumtafutia mwanawe kazi. Alitaka kujua kwa nini mtu aliyesoma sana, tena anayeandika vitabu, hawagawii wanakijiji kidogo cha elimu hiyo. Kituo cha vijana kipo. Kwa nini wasikifufue kwa pamoja? Akaenda zake. Juma lililofuata akarudi na swali lilelile. Akarudi tena na tena kwa muda wa mwezi mzima, mpaka mwalimu huyo wa Chuo Kikuu cha Nairobi akakubali.

Mama huyo ndiye mwanzilishi wa ukumbi. Ngugi hakuwa ametia neno lolote katika jambo hilo kabla ya mlango wake kubishwa.

Kazi ya kwanza haikuwa maigizo. Ilikuwa gumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, likiongozwa na Ngugi mwingine, Ngugi wa Mirii, aliyekuwa mtafiti katika Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya chuo hichohicho. Njia yake ilifuata mawazo ya Mbrazili Paulo Freire: mtu mzima hafundishwi herufi kama mtoto, hufundishwa kwa kuzungumzia maisha anayoyajua. Kibarua anayejifunza kuandika neno "mshahara" hawezi kuliandika bila kuuliza kwa nini ni mdogo. Watu waliokwisha kuuliza maswali ya namna hiyo darasani walitaka mahali pa kuyauliza kwa sauti, mbele ya majirani. Ndipo wazo la mchezo wa kuigiza likaja.

Penye wengi hapaharibiki neno

Rasimu ya kwanza ya tamthilia ilikuwa tayari Aprili 1977. Waliiandika Ngugi wawili, na waliiandika kwa Kikuyu kwa sababu ambayo haikuhitaji nadharia: ndiyo lugha iliyosemwa na watakaoigiza na watakaotazama. Iliitwa Ngaahika Ndeenda, na Waswahili wanaweza kuisoma kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Hapa ndipo habari inapopendeza, na hapa ndipo tanzia zinapopita mbio. Kwa desturi ya kumbi za jijini, waigizaji hufanya mazoezi nyuma ya milango iliyofungwa, kisha watazamaji hualikwa kushangaa kazi iliyokamilika. Kamirithu hapakuwa na mlango wa kufunga. Usomaji, uteuzi wa waigizaji na mazoezi vilifanyika hadharani kwenye zile ekari nne, na kila aliyekuwa akitoka kazini Bata au akirudi na kikapu kutoka sokoni alisimama, akatazama, akasema neno lake.

Maneno yao hayakuwa ya kusifu tu. Wazee waliwakosoa waandishi kwamba mtu wa rika fulani hawezi kuzungumza vile; kuna methali ambayo mzee angeitumia na kijana asingeithubutu. Wafanyakazi wa kiwandani walisahihisha habari za zamu, mashine na malipo, kwa maana wao ndio waliokuwa wakiziishi. Utaratibu wa nyimbo za Gitiiro, za sherehe ya ndoa, uliingia katika tamthilia neno kwa neno kutoka kinywani mwa bibi mzee asiyejua kusoma wala kuandika. Na bunduki za maigizo zilipohitajika, aliyesimamia utengenezaji wake alikuwa ndiye yule aliyewatengenezea wapiganaji wa Mau Mau bunduki halisi katika miaka ya 1950. Ni chuo gani cha sanaa duniani kingeweza kumwajiri mwalimu wa namna hiyo?

Jukwaa lenyewe lilianza hivyohivyo. Mchoro wa kwanza haukutoka kwa msanifu wa majengo. Njiti za kiberiti zilipangwa chini, kuonyesha jukwaa litakaa wapi na watu wataketi wapi, kisha wanakijiji wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Hakuna serikali iliyochangia, wala mfadhili kutoka ng'ambo.

Kimani Gecau, mhadhiri mwenzake Ngugi, ndiye aliyeelekeza mchezo. Ila hata kazi ya mwelekezi ilikuwa tofauti na alivyoizoea. Kufikia siku ya kwanza, watazamaji wengi walizijua sehemu za waigizaji, kwa kuwa walikuwapo zilipokuwa zikitungwa.

Ngugi alikuwa ameandika kwa Kiingereza tangu ujana wake. Weep Not, Child ilitoka 1964, The River Between 1965, A Grain of Wheat 1967. Vitabu hivyo vilihusu watu wa Limuru, lakini watu wa Limuru wengi hawakuweza kuvisoma. Sasa, akiwa na umri wa karibu miaka 40, mkuu wa idara ya fasihi, aliketi kwenye kiti cha ubao akifundishwa upya lugha ya mama yake na watu ambao serikali iliwaita wajinga. Alikiri mara nyingi baadaye kwamba Kamirithu ndiko kulikomgeuza. Tangu hapo riwaya zake zote alizianza kwa Kikuyu. Uamuzi ambao wasomi wa dunia nzima wanaujadili hadi leo haukuzaliwa maktabani. Ulizaliwa pale ambapo bibi asiyejua kusoma alikuwa akimpa profesa imla.

Harusi iliyomeza shamba

Kisa chenyewe kila familia ya Afrika Mashariki itakitambua. Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba lake ameitundika ukutani. Mkewe ni Wangeci, binti yao Gathoni. Mwana wa tajiri anayemwajiri baba anamchumbia Gathoni, na tajiri huyo, Kioi, pamoja na mkewe wanakuja kuwashawishi Kiguunda na Wangeci kwamba ndoa yao ya kimila si ndoa, wafunge harusi ya kanisani. Wazazi wanaamini huo ndio mwanzo wa posa ya binti yao. Kwa kuwa hawana pesa za harusi, wanaweka rehani hati ya shamba. Binti anapewa mimba, anaachwa. Shamba linakwenda.

Mtu anaweza kuisoma tamthilia hii kama siasa, na ni siasa kweli. Lakini aliyeketi Kamirithu mwaka 1977 aliiona kama hesabu ya nyumbani. Ni nani ambaye hajaona jirani akikopa ili harusi ipendeze? Ni nani ambaye hajasikia hati ya shamba iliyoingia benki kwa shughuli ya siku moja na haikutoka tena? Leo mkopo unachukuliwa kwa simu usiku wa manane bila mke wala mume kujua, na mazungumzo yote juu yake hufanyika baada ya msiba. Ukumbi ule uliyafanya mazungumzo hayo kabla ya msiba, mbele ya watu 2,000, kicheko na machozi vikiwa pamoja.

Ngugi aliandika kwamba katika miezi ya mazoezi na maonyesho ulevi na ugomvi wa kijijini ulipungua. Hata asiyetaka kumsadiki mwandishi kwa kazi yake mwenyewe anaweza kuelewa jinsi jambo hilo linavyotokea. Kijana ambaye kila jioni anangojewa na wenzake 30 mazoezini, na ambaye asipofika mchezo unakwama, ana sababu ya kutopitia baa. Mama ambaye jana alikuwa akisaini kwa kidole gumba, na leo anashika karatasi na kusoma sehemu yake, ameongezewa kitu ambacho hakuna hotuba ya chifu ingeweza kumpa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa Kamirithu vidole vilikuwa vingi.

Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa miguu, kwa matatu na kwa mabasi waliyoyakodi kutoka mbali. Jumapili moja mvua ilinyesha. Ukumbi haukuwa na paa, basi watazamaji wakakimbilia chini ya miti na vibaraza vya karibu. Mvua ilipokatika waigizaji walirudi jukwaani, wakakuta viti vimejaa kama awali. Mvua ikaanza tena, watu wakakimbia tena, wakarudi tena. Ilitokea kama mara tatu siku hiyo, na hakuna aliyekwenda nyumbani.

Kosa la kueleweka

Julai ya mwaka huohuo wa 1977, riwaya ya Ngugi iitwayo Petals of Blood ilizinduliwa Nairobi. Inawashambulia matajiri wapya na viongozi wa Kenya huru kwa ukali usiopungua ule wa Ngaahika Ndeenda. Mgeni rasmi katika uzinduzi alikuwa waziri wa fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Hakuna aliyekamatwa. Kitabu kiliwekwa madukani.

Miezi minne baadaye, tarehe 16 Novemba, mkuu wa wilaya ya Kiambu alifuta leseni ya mikusanyiko ya Kamirithu kwa sababu ya usalama wa umma, na mchezo ukafa baada ya majuma sita. Usiku wa kuamkia mwisho wa mwaka polisi walimchukua Ngugi nyumbani kwake. Amri ya kumweka kizuizini ilitiwa saini na waziri wa mambo ya ndani, Daniel arap Moi. Alikaa Gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake chuoni.

Kwa nini kitabu kilizinduliwa na waziri, na mchezo ukaletewa polisi? Tofauti ilikuwa ni nani aliyeweza kuelewa. Riwaya ya Kiingereza ilisomwa na waliokula katika hoteli za jijini. Mchezo wa Kamirithu uliigizwa na wachuma chai mbele ya wachuma chai, na siku iliyofuata walikwenda kazini wakiwa wamesikia hesabu ya jasho lao. Serikali iliona wazi kwamba nguvu haikuwa katika kalamu ya mtu mmoja. Ajabu ni kwamba maafisa waliouzima ukumbi walielewa thamani yake kuliko wengi waliokuja baadaye kumwomboleza mwandishi wake.

Ofisi iliyonyamaza

Wanakijiji hawakutawanyika. Ngugi alipotoka Kamiti alikuta kikundi kikiwa hai, na mwaka 1981 kikaanza kazi mpya, Maitu Njugira, yaani mama niimbie. Ilikuwa tamthilia ya nyimbo, iliyochota ngoma na nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, ikasimulia enzi za kipande na vibarua wa mashamba ya walowezi. Safari hii kikundi kilitaka kutoka kijijini kiende Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, Nairobi, Februari 1982.

Maombi ya leseni yalipelekwa. Jibu halikuja, la ndiyo wala la hapana. Kimya kingi kina mshindo mkuu: siku ya kuingia ukumbini, waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wako pale. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na walichokiita mazoezi, kwa maana mazoezi hayakuhitaji leseni. Watu wakayafurikia. Kwa siku zisizozidi kumi hivi, maelfu ya watu wa kila kabila waliketi, wakasimama, wakajaa hadi madirishani, wakitazama mazoezi ya lugha ambayo si wote walioijua. Mtafiti wa Uswidi, Ingrid Björkman, aliwahoji watazamaji hao na kuandika kitabu kizima juu yao. Kisha chuo nacho kikaamriwa kufunga mlango.

Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamirithu na kupiga marufuku shughuli za maigizo katika eneo hilo. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika kwenye zile ekari nne na kuuangusha ukumbi mpaka chini. Waliokuwa watoto mwaka 1955 waliona nyumba zikibomolewa kwa amri ya gavana. Sasa, wakiwa wazazi, waliona ukumbi walioujenga kwa mikono yao ukibomolewa kwa amri ya serikali waliyoipigia kura.

Leo mahali hapo pana chuo cha ufundi. Chuo cha ufundi ni jambo jema, na vijana wa Limuru wanakihitaji. Lakini kijiji chenye ekari nne hakikupaswa kulazimishwa kuchagua kati ya kujifunza useremala na kujifunza kusema.

Mbegu zilizovuka mpaka

Ngugi wa Thiong'o alikuwa London katikati ya mwaka 1982, kwa uzinduzi wa tafsiri ya riwaya aliyoiandika gerezani, alipopata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakurudi kuishi Kenya tena. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Huko Mirii alizunguka vijijini akifanya kazi ileile ya Kamirithu na kusaidia kuunda muungano wa vikundi vya maigizo ya jamii, ZACT. Alifariki Harare mwaka 2008 katika ajali ya gari. Kenya ilimfukuza mtu aliyejua kuwafundisha watu wazima kusoma kwa njia ya jukwaa, Zimbabwe ikampokea. Hasara hiyo haijawahi kupigiwa hesabu.

Tanzania ilipita njia nyingine. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kukaa vijijini, Malya mkoani Mwanza na Msoga katika wilaya ya Bagamoyo, wakafanya walichokiita sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wanakijiji walichambua matatizo yao, wakayatungia maigizo kwa ngoma na vichekesho vyao, kisha wakaketi na viongozi kujadiliana. Hakuna aliyefungwa. Lakini miradi ilitegemea wageni kutoka chuoni, na wageni wakiondoka mara nyingi na ngoma hulala. Kamirithu ilikuwa na kile ambacho miradi haikuwa nacho: ukumbi wake, kwenye ardhi yake, uliojengwa na wenyewe.

Orodha moja na baa

Kuna watakaosema kwamba hayo ni ya enzi za chama kimoja, na kwamba Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Inaulinda, katika Ibara ya 33. Hata hivyo, Aprili 2025 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walifika Nakuru kuigiza Echoes of War, tamthilia ya seneta wa zamani Cleophas Malala, wakiwa na amri ya Mahakama Kuu mkononi. Malala alikamatwa. Nje palirushwa vitoa machozi. Wasichana walipofikishwa ukumbini bila watazamaji wao na bila vifaa vyao, waliimba wimbo wa taifa wakatoka. Shule hiyohiyo ilikuwa imezuiwa mwaka 2013 kuigiza tamthilia nyingine, Shackles of Doom, mpaka mahakama ikaingilia kati. Na sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, inayompa afisa uwezo wa kuamua watu waigize nini, ilitungwa kabla ya uhuru. Bunge lina kazi ya kuifuta, na lilipaswa kuwa limeifuta zamani.

Lakini polisi si adui pekee wa jukwaa. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti mamlaka juu ya shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Orodha yake inataja kamari, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, video, maktaba, makumbusho, na vifaa vya michezo na utamaduni. Yote yamo katika kifungu kimoja. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013. Mkazi yeyote na atembee mjini kwake ahesabu, katika orodha hiyo, ni yapi yamechipuka na ni yapi hayaonekani. Baa na kamari huleta ada ya leseni. Jukwaa halileti ada, na faida yake haionekani kwenye vitabu vya hazina, kwa sababu imo ndani ya nyumba: kijana aliyekuwa na pa kwenda jioni, mke na mume waliosikia habari ya rehani kabla ya kutia saini, bibi aliyeulizwa anachokijua kabla hajafa nacho.

Kinachotakiwa si jumba la mamilioni. Wodi nyingi zina ukumbi wa jamii uliofungwa kwa kufuli, unaofunguliwa kwa harusi na mikutano ya wanasiasa, au kiwanja cha umma ambacho bado hakijanyakuliwa. Kufuli ifunguliwe siku mbili kwa juma. Mwalimu wa gumbaru arudishwe. Mazoezi yafanyike mahali ambapo anayepita njia anaweza kusimama na kukosoa, kwa lugha ya mahali hapo, iwe Kikuyu, Kigiryama, Kiteso au Kiswahili cha mtaani, na pasiwe na karani wa kuletewa maandishi ayapitishe.

Ngaahika Ndeenda yenyewe ilirudi jukwaani Mei 2022, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, ikiwa na waigizaji mahiri, na watazamaji wakajaa. Haikurudi Limuru. Mtu wa Kamirithu aliyetaka kuitazama ilimbidi apande matatu hadi Nairobi, akate tiketi, aketi katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, ambao Februari 1982 uliwafungia mlango waigizaji wa kijiji chake.